Gongo Jepesi la Hoki la Mtoto: Pima Kabla Hujalipa

Wazazi wengi hapa Kisumu hununua gongo la hoki ya uwanjani kama wanavyonunua sweta ya shule: kubwa kidogo, mtoto atakua nalo. Sweta ikimpwaya haimdhuru. Gongo refu humfanya acheze akiwa wima badala ya kuinama, na mkono wa kushoto, ambao ndio unaoligeuza, huchoka hata robo ya kwanza haijaisha. Nafundisha wasichana wa miaka 9 hadi 14, na hivi ndivyo ninavyowachagulia.

Hatua ya 1: urefu
Mtoto avae viatu vya kuchezea, asimame wima. Simamisha gongo kando yake, kichwa, yaani sehemu iliyopinda inayopiga mpira, kikiwa chini. Ncha ya juu ifike kwenye mfupa wa nyonga. Ikipita kitovu, lirudishe. Urefu huandikwa kwa inchi. La kawaida la mtu mzima ni 36.5, ya watoto huanzia kama 28.

Usinunue refu kwa nia ya kulikata. Mimi nilikata inchi mbili za mshiko kwa msumeno. Vumbi la nyuzi liliniwasha siku mbili, na gongo likabaki zito kichwani, kwa kuwa kipande nilichotupa ndicho kilichokuwa kikilisawazisha.

Hatua ya 2: uzito
Neno "jepesi" kwenye kibandiko halikuambii kitu. Omba mizani kwa mwenye duka anayepima sukari. Sheria za kimataifa zinaruhusu hadi gramu 737. Magongo mepesi ya watu wazima huwa kama 530, na la mtoto nataka lisifike 500.

Kisha kuna kipimo ninachokiamini kuliko mizani. Mtoto alishike mwisho wa mshiko kwa mkono wa kushoto peke yake, alinyooshe mbele usawa wa kiuno, ahesabu hadi kumi. Kichwa kikianza kushuka akiwa kwenye sita, ni zito kwake, mizani iseme itakavyosema. Magongo mawili ya gramu 480 yanaweza kuwa tofauti kabisa mkononi. Lilaze kila moja juu ya kidole hadi litulie. Ambalo hutulia karibu zaidi na kichwa ndilo litakalomchosha.

Hatua ya 3: kaboni
Pesa nyingi hupotelea hapa. Gongo la kompositi ni nyuzi za kaboni na za kioo, pengine na aramidi (nyuzi nyingine imara), zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Kaboni hulikaza gongo, hivyo pigo linatoka na nguvu. Mchezaji aliyekomaa anaweza kutaka asilimia 90. Mtoto akipokea mpira kwa gongo kavu namna hiyo, mpira unamruka na viganja vinamwuma. Nyuzi za kioo humeza mshtuko. Kaboni asilimia 10 hadi 30 yamtosha, na bei hushuka pia. Kwenye viwanja vyetu vya nyasi na murram mpira unadunda ovyo tayari; kwa nini umwongezee tabu?

Hatua ya 4: mpindo
Mpindo ni jinsi gongo lilivyojikunja kama upinde kutoka mshikoni hadi kichwani. Muuzaji atakusifia mpindo wa milimita 25, ambao ndio mwisho wa sheria. Huo huwafaa wanaovuta na kurusha mpira golini kwenye kona fupi, ile kona ya adhabu. Mtoto anayejifunza, mpindo huo humwinulia mpira bila kutaka, na mwenzake ndiye anayeumia. Chukua milimita 20 hivi, kilele kikiwa katikati ya gongo.

Mwenye mkono wa shoto usimtafutie lake. Magongo yote yana ubapa upande wa kushoto, naye atazoea kama wengine.

Hatua ya 5: kagua
Ukiagiza mtandaoni, tazama picha vizuri. Mzazi mmoja aliletewa gongo la hoki ya barafu, lililomfika binti yake kidevuni. Epuka pia la kuchezea ndani ya ukumbi. Ni jembamba na laweza kupasuka kwa mapigo ya nguvu ya uwanja wa nje.

La mitumba si baya. Lipigepige kwa sarafu kuanzia mshikoni hadi kichwani ukisikiliza. Mlio mkali ukibadilika ghafla kuwa dufu, hapo ndani pana ufa, hata kama rangi inang'aa. Likipita, zungushia kichwa utepe laini kwa ajili ya murram, na usiliache ndani ya gari lililoanikwa juani.