Kombe na mwezi
Wana Dodoma mnaoteremka Dar kwa SGR na mnataka kuokota kombe (samakigamba wa kuliwa) ufukweni, tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo, mida ya saa nne asubuhi maji huwa yametoka mbali, mwamba uko wazi. Mkienda siku za maji mafu, yasiyopwa mbali, mtaishia kupiga selfi. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, msiokote kitu huko.

Kombe lililoachama ligonge kwa kidole: lisipofumba, tupa. Yaliyo hai yafunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, wala usiyatie kwenye maji ya bomba, yatakufa. Pikeni hukohuko Dar. Huku juu tuna perege wa Mtera, wanatosha.