Kudurusu bila kusinzia: michezo ninayowapa wanafunzi wangu

Nafundisha baiolojia. Msimu wa mitihani ukikaribia, madaftari ya wanafunzi wangu huanza kupakwa rangi: njano kwa maana, pinki kwa mifano, kijani kwa sijui nini. Yanapendeza kweli. Kisha namwambia mwenye daftari alifunge anitajie kazi tatu za ini, naye anatazama dari.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Ninaposema kudurusu kuwe na ladha, sizungumzii mapambo. Nazungumzia kubadilisha njia za kulichomoa jibu kichwani, maana hapo ndipo kazi ilipo na, amini usiamini, raha ndipo ilipo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya habari. Kuna vifungu walivyovisoma na kuvirudia kuvisoma, na vingine walivisoma kisha wakaandika walichokumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika 5, kurudia kusoma kulishinda. Walipopimwa baada ya wiki moja, matokeo yaligeuka. Sasa mtihani wako uko baada ya dakika 5?

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kutembea. Nitatumia moyo, kwa sababu unawatesa wengi. Chora moyo mkubwa sakafuni kwa chaki, wenye vyumba vinne: auriko mbili juu, ventriko mbili chini. Ukiuchora kama ulivyo kitabuni, upande wa kulia wa moyo utakuwa kushoto kwako, maana mwenye moyo huchorwa akikutazama. Kama hilo linakuchanganya, ni heri likuchanganye leo kuliko ndani ya chumba cha mtihani. Weka kiti karibu na mchoro, hicho ni mapafu, na juu yake karatasi nyekundu, yaani damu yenye oksijeni. Kiti kingine kiweke mbali, mwisho wa chumba, hicho ni mwili. Wewe ni tone la damu. Unaanzia kwenye mwili ukiwa na karatasi ya bluu mkononi, yaani damu iliyopungukiwa oksijeni, na huruhusiwi kupiga hatua mpaka utaje kwa sauti mahali unapoingia. Vena kava, mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Auriko ya kulia. Vali, mlango unaozuia damu kurudi nyuma. Ventriko ya kulia. Ateri ya mapafu. Kwenye kiti cha mapafu unaacha bluu, unachukua nyekundu, unarudi kwa vena ya mapafu hadi auriko ya kushoto, vali, ventriko ya kushoto, aota (ateri kuu ya mwili), na safari ndefu ya kurudi mwilini. Ukikosea, unaanza upya.

Karibu kila mtu hukwama palepale: yuko njiani kwenda mapafuni, ameshika bluu, na mdomo unakataa kusema "ateri" kwa sababu aliwahi kukariri kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni. Hapo ndipo msimame. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, basi, bila kujali damu hiyo imebeba nini. Akishalisema hilo huku ameshika karatasi ya bluu, halimtoki tena. Halafu muulize kwa nini ukuta wa ventriko ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Mwache ahesabu hatua kutoka moyoni hadi kila kiti, atajijibu mwenyewe.

Njia hiyohiyo inafaa kwa chochote chenye mpangilio: mzunguko wa maji, hatua za muswada bungeni, matukio ya historia yakipangwa kwenye ngazi, tukio moja kila kipandio.

Kadi nazo, swali upande mmoja na jibu nyuma, ni za lazima, ila wengi huziandika vibaya. Kadi inayosema "Eleza mmeng'enyo wa chakula" haina maana, kwa sababu hutajua kama umepata au umekosa. Ivunje. Nyongo hutengenezwa wapi? Kwenye ini. Huhifadhiwa wapi? Kwenye kifuko chake. Ina vimeng'enya vya kumeng'enya chakula? Haina; kazi yake ni kuyavunja mafuta kuwa matone madogo ili vimeng'enya viyafikie. Swali moja, kadi moja. Kisha tafuta maboksi matatu au bahasha tatu. Kadi mpya zinakaa la kwanza, unazipitia kila siku. Ukipata, kadi inahamia la pili, ambalo unalifungua kila baada ya siku mbili au tatu. Ukipata tena, inaenda la tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa, hata kama ilikuwa la tatu, inarudi la kwanza bila huruma. Mtindo huu ulienezwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner miaka ya 1970, na uzuri wake ni kwamba unakuzuia kutumia jioni nzima kujipongeza kwa yale unayoyajua.

Kama mko wawili, chezeni mwalimu muongo. Mmoja anaandika aya moja yenye makosa matatu yaliyofichwa, mwenzake anayawinda. "Mimea husanisi chakula mchana na kupumua usiku tu" ni uongo mtamu, kwa sababu wengi wanauamini. Mimea hupumua saa zote. Kwenye hisabati, fanya swali zima vizuri, ila mahali pamoja andika kwamba (a + b)² ni a² + b², badala ya a² + 2ab + b². Anayetunga uongo hujifunza zaidi ya anayeuwinda, kwa hiyo badilishaneni zamu.

Hisabati ina ugonjwa wake mwingine. Ukifanya maswali kumi ya asilimia mfululizo, la kumi unalijibu huku umelala, maana njia unaijua kabla hujasoma swali. Mtihani haukupi upendeleo huo. Kata vikaratasi vya maswali ya asilimia, uwiano, mwendokasi na eneo, vitie kwenye kopo, chomoa kimoja kimoja. Utakosa zaidi mwanzoni. Endelea tu.

Kwa orodha zisizo na mantiki ya kushika, tunga sentensi ya kipuuzi ambayo maneno yake yanaanza kwa herufi zilezile. Mfano ni ngazi za kuainisha viumbe. Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi: "Hamisi fua nguo, Omari fagia, Juma simama." Ya kwako mwenyewe itakukaa zaidi ya yangu.

Na macho yakichoka, tumia simu kujirekodi: soma swali, kaa kimya sekunde kumi, kisha soma jibu. Ukisikiliza huku unaosha vyombo, ule ukimya ndio wa kujibu wewe.

Kuhusu muda, wengi hufuata dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Kwa kadi ni sawa. Kwa swali refu la fizikia naona 25 zinakukatiza utamu, chukua 40. Kikundi kisizidi watu wanne, wakizidi hapo ni baraza.

Wiki mbili za mwisho, punguza michezo. Fanya mitihani ya miaka iliyopita kwa saa halisi, daftari likiwa chumba kingine, kisha badilishaneni karatasi na msahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia. Kuweni wakali. Swali likisema "eleza" na mwenzako ameorodhesha tu, mkate alama na mwambie kwa nini. Likiwa la alama nne na ametoa hoja mbili, muulize nyingine ziko wapi. Kila alama iliyopotea iandikie kadi, iingie boksi la kwanza.

Usiku wa kuamkia mtihani pitia boksi hilo tu. Usianze mada mpya, usiombe notsi za mtu, na ulale.