Kutu kwenye Datsun 240Z: jinsi ya kukata, kuchomelea na kuziba bila kujidanganya

Hii ni ya wale mko na 240Z au mnanyemelea moja iliyofunikwa turubai kwa uwanja wa mzee fulani, na wenye 260Z pia someni maana bodi ni karibu ile ile. Huku kwetu gari hii haihitaji utambulisho, Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally 1971 na Shekhar Mehta akashinda nayo tena 1973, basi watu wameweka akilini kwamba hii ni gari haifi. Kwa injini sibishi, ile L24 ya silinda 6 utaifufua. Kinachoua gari hizi ni bodi. Haina chasi ya kusimama peke yake, bodi yenyewe ndio chasi, na bati lake la nje ni karibu milimita 0.8 tu, sasa hebu fikiria hiyo gari imekaa Mombasa miaka yote na upepo wa bahari.

Mimi kazi yangu ni bodi, nitaeleza vile nafanya. Tunaanza ndani tunakuja nje. Ukianza na fenda inayoonekana ndio roho itulie utakuja kuikata tena, pesa na rangi zimeenda.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujatoa pesa

Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, pitisha bodi nzima. Ikishika kuna bati, ikiteleza kuna pati (ile lepe ya kujazia bodi) ama faiba. Kuna gari za rangi safi kabisa ukifungua unakuta ni waya wa nyavu ya dirishani, umepakwa faiba, juu yake pati nene kama chapati, na mwenyewe alilipia "full restoration".

Halafu ingia chini na bisibisi. Gonga kwa mpini, bati zima linalia, lililooza linatoa sauti imekufa. Hapo sukuma na ncha (kama gari bado si yako omba ruhusa kwanza, usianzishe vita). Sehemu za kuangalia kwenye Z ni zile zile kila mara: chini ya betri na ile reli ya chasi iliyo chini yake (reli ni boksi refu la bati lililochomelewa kwa bodi kuibeba), sakafu ya miguuni pande zote mbili na reli zinazopita chini yake, sili yaani lile boksi refu chini ya mlango, ile pembe kati ya mlango na gurudumu la nyuma, ukingo wa upinde wa gurudumu lenyewe, chini ya fenda nyuma ya gurudumu la mbele, shimo la spea, na pale mlango wa nyuma unapokaa juu ya taa.

Vitu vya nje visikutishe. Kinachoamua bei ni reli za mbele, hasa pale zile fimbo za kushika sasipensheni ya mbele zinapofungwa, na vile vikombe vya juu vya shokamzoba. Hapo pakiwa biskuti, mpe muuzaji bei ya chuma chakavu ama uende nyumbani.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanaingilia wapi

Watu wengi wanaruka hapa. Tundu unaloona ni pale kutu ilipotokea, ilianza kwingine kitambo.

Chini ya kioo cha mbele, kwa zile grili za kuingiza hewa, kuna boksi ndani. Mvua inaingia humo na inatakiwa itoke kwa matundu ya pembeni ishuke nyuma ya fenda. Gari ikiwekwa chini ya mwarobaini yale majani yanajaza matundu, maji yanakaa, udongo unakaa na unyevu, ndio unaona fenda na mbele ya sili zimekwisha na hakuna aliyegonga gari. Mwaga jagi la maji pale juu uangalie yanatokea wapi na kwa kasi gani. Yakitokea kwa kapeti, ushajua kwa nini sakafu imeoza. Nyuma fanya hivyo hivyo, angalia mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa.

Betri nayo ni hadithi yake. Asidi ikimwagika inakula trei, inashuka inakula reli. Kabla ya kazi yoyote pale koroga magadi na maji, mwaga, itatoa povu, rudia mpaka povu liishe, suuza. Ukichomelea bati jipya juu ya asidi ya zamani umefuga ugonjwa.

Hatua ya 3: Vua gari, na hapa usalama si maneno

Fenda za mbele zimefungwa na bolti kwa hivyo zinatoka zima. Bolti zilizoganda zipulizie oili ya kupenya usiku kucha, asubuhi pasha moto kidogo, ukilazimisha na spana ndefu utakata kichwa halafu unaanza kudrili.

Viti, kapeti, plastiki zote nje. Sakafu ina mikeka ya lami ya kuzuia kelele, hiyo bandua yote kwa hita na patasi hata kama inaonekana nzima, maana unyevu hujificha chini yake. Pia inashika moto ukichomelea upande wa chini.

Tanki la petroli liko nyuma chini ya sakafu. Litoke, pipe zitoke, na lisikae ndani ya gereji. Usiniambie liko tupu, lililo tupu ndilo lina mvuke. Betri toa, alteneta chomoa waya. Weka mtu upande wa pili na ndoo ya maji na kizimamoto kiwe mkononi.

Jambo lingine ambalo mafundi hawaambiwi: ile dawa ya kusafishia breki, kama ina klorini ndani, usiipulizie bati unalotaka kuchomelea. Moto wa weldingi unaigeuza gesi ya fosjini, hiyo inaua. Soma kopo, ama tumia asetoni na usubiri ikauke kabisa.

Hatua ya 4: Funga bodi isicheze

Kabla ya kukata sili, mlango ukiwa umefungwa pima nafasi kuuzunguka pande zote uandike kwa karatasi. Ziwe sawa juu na chini. Nafasi ya juu ikiwa imebana kuliko ya chini, gari imeshakunjika katikati, inabidi uinyanyue kwa jeki pole pole mpaka irudi ndio uifunge.

Gari ikae usawa, imebebwa pale sasipensheni inapobeba, usiweke stendi mbili tu katikati. Chomelea tyubu za mraba ndani ya uwazi wa mlango, moja kutoka nguzo ya mbele kwenda ya nyuma na nyingine ya kukata kona, halafu moja ya kuvuka gari kushoto kulia. Pima kona kwa kona uandike tena. Kata upande mmoja, maliza, ndio uende wa pili. Anayekata sili zote mbili siku moja anatengeneza ndizi.

Hatua ya 5: Kata na utengeneze kiraka

Piga brashi ya waya mpaka uone bati jeupe, halafu songa mbele kama sentimita 2 au 3 ndani ya bati zima, chora mstari hapo. Ukikata kwa kuhurumia utachomelea kwa bati jembamba, litatoboka kila ukigusa, utatukana mashine bure. Kata kona za mviringo, kona kali zinavuta joto na kupasuka.

Kama bati la nje limeoza, toa uone la ndani. Kwenye upinde wa gurudumu la nyuma yako mabati mawili yanakutana kwa ukingo na tope linakaa katikati, ukibadilisha la nje tu umefunika kidonda.

Geji, yaani unene wa bati: kwa sakafu na reli tumia 18 ambayo ni kama milimita 1.2, kwa ngozi ya nje geji 20, kama 0.9. Bati jeusi la kawaida. Usinunue mabati ya paa, yana zinki, ukichomelea ule moshi mweupe unakupa homa ya usiku, na yale maziwa mafundi wanakunywa hayazuii kitu. Kinachosaidia ni kusaga zinki itoke, barakoa inayofaa na hewa.

Kata mfano kwa katoni kwanza, jaribu, rekebisha, ndio uhamishie kwa bati. Vitu virefu vyenye mkunjo mmoja kama reli na sili, peleka vipimo kwa wenye mashine ya kukunja. Vijana wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, wanakunja siku nzima, ukiwa na mchoro wa kueleweka unapata kitu safi kwa bei ya maana. Paneli za tayari za Z zinaagizwa nje na zinapatikana, kwangu mimi naona zina maana kwa ile pembe ya mbele ya gurudumu la nyuma tu, maana lile umbo la kupinda pande mbili linakula siku.

Hatua ya 6: Kuchomelea

Mashine ya elektrodi kwa bati la 0.9 ni mateso, itatoboa. Tafuta migi (MIG, mashine inayosukuma waya yenyewe na kutoa gesi), waya wa milimita 0.6, gesi ya agoni iliyochanganywa, ama kaboni dayoksaidi peke yake ukiwa na bajeti ndogo.

Ngozi ya nje weka kingo zikutane, usipandishe moja juu ya nyingine, maana ule mfuko unashika maji. Piga doti moja, ruka mbali piga nyingine, rudi katikati, usivute mstari mrefu hata kama mkono unawasha. Gusa bati, likiwa moto subiri. Haraka hapa inakupa paneli yenye mawimbi na itataka pati nyingi. Reli zenyewe zinashikana na sakafu kwa ukingo, hapo drili matundu ujaze kwa weldingi, na zile sura mbili zinazolaliana zipake praima ya zinki kwanza.

Kama fundi anakwambia atabandika bati juu ya reli iliyooza "iwe na nguvu", tafuta mwingine.

Hatua ya 7: Vidogo vidogo

Bawaba, mabano, hizo usikate, zitoe kutu kwa umeme ndani ya maji. Beseni la plastiki, maji, magadi vijiko kadhaa, chaja ya volti 12: hasi kwa kitu chenye kutu, chanya kwa kipande cha chuma cha kutupa. Usitumie stenlesi, inatoa sumu ya kromu. Fanyia nje, inatoa haidrojeni. Kesho yake suuza, kausha kwa moto, paka praima saa hiyo hiyo.

Asidi ya fosforiki inafaa kutu ya juu juu ambayo haijatoboa. Haifufui bati lililokwisha.

Hatua ya 8: Kuziba

Bati tupu halilali Mombasa bila praima, hata usiku mmoja. Praima ya ipoksi kwanza, pati nyembamba juu yake kama inahitajika, silanti kwa kila maungio ndani na chini. Pati inafyonza maji, ndio sababu haianzi kwa bati tupu.

Rangi ikimalizika ingiza nta ya mashimo ndani ya sili, reli na milango kwa bomba refu lenye matundu, mpaka uone inachuruzika chini. Sasa chukua waya upitishe kila tundu la kutolea maji maana nta na silanti huwa zinayaziba. Rudia lile jagi la maji pale chini ya kioo, na ukiona yanatoka pande zote mbili kwa kasi moja, rudisha fenda na kapeti.