Kupanga safari ya kuvua trauti kwa nzi bandia, mito ya Mlima Kenya na Aberdare

Cha kwanza kabisa angalia msimu, mengine baadaye. Kuanzia Machi mpaka Mei masika ikikolea mito inajaa matope na trauti, huyu samaki wa maji baridi, haoni nzi wako (ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) hata umrushe vizuri vipi, kwa hiyo lenga Januari na Februari, ama Julai mpaka Septemba maji yakiwa masafi.

Kama ndo unaanza nenda mto Thego upande wa Nyeri, ila mimi roho yangu iko mto Gura, manake huko Aberdare ndo trauti waliletwa mwaka 1905 na maji bado ni baridi ya kuuma vidole. Leseni ya kuvua kata mapema. Ukiingia ndani ya hifadhi kuna kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), tena omba askari wa wanyamapori akusindikize, nyati na ndovu wanakunywa mto huohuo, hapo usibishane kabisa.

Fimbo ya kuvulia ya namba 4 au 5 (namba ni uzito wa laini inayobeba) inatosha, na laini, yaani uzi wa kurushia, ya kuelea.

Sasa ukifika mtoni usikimbilie kurusha. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo mwendee polepole kutoka upande maji yanakoelekea, rusha mbele kidogo ya jiwe, upande maji yanakotoka, halafu acha nzi ashuke mwenyewe na maji, laini ikisita tu vuta. Kile kijino cha ndoano kibane na koleo kabla, na lowesha mikono kwanza ndo umshike samaki, ukimwachia ataishi.