"Jail", "prison" au "custody"? Namna ya kuchagua neno sahihi unapotafsiri habari za kifungo

Mkalimani anayefanya kazi Kasulu au Kigoma mjini anaweza kusikia, asubuhi moja tu, maneno jela, lupango, kasho, buloko na ibohero, yote yakitaja mahali pa kufungiwa. Mbele yake kuna fomu ya Kiingereza. Wengi huandika "prison" kila mahali, na hapo ndipo maelezo ya mtu yanapoanza kuharibika. Kiingereza kina neno lake kwa jengo, lake kwa hatua ya kesi, na lake kwa adhabu. Ofisa atakayeisoma fomu hiyo Marekani au Canada hakumsikia msemaji. Ana neno lako tu.

Kabla ya kuandika, uliza mambo matatu. Nani alimshika na kumweka pale: polisi, wanajeshi, uhamiaji, wanamgambo? Je, alisomewa hukumu mahakamani? Alikaa muda gani? Usilichague neno kwa kusikia "jela" peke yake, maana kwetu mtu akilala usiku mmoja kituo cha polisi watu husema kafungwa, na aliyehukumiwa miaka thelathini naye kafungwa.

Kama alishikwa na polisi na hakufikishwa mahakamani, andika "police cell" au "police lock-up". Hapo ndipo inapoangukia selo yetu, na ndipo inapoangukia kasho ya Mkongomani, neno lililotoka kwenye Kifaransa. Usiache neno "police" likadondoka. "Cell" peke yake ni chumba chochote cha kufungia, hata kile cha ndani ya gereza kuu, na "lock-up" peke yake kwa Mwingereza inaweza kuwa banda la kukodi la kuwekea gari. Kuhusu buloko, uliza zaidi, kwa sababu wengine hulitumia kwa selo ya polisi na wengine kwa gereza lenyewe.

Akishapelekwa mahakamani na kukosa dhamana, hali inabadilika: "He was remanded in custody". Rumande yetu imetoka huko huko. Hapa pana utata mkubwa kwa Kiswahili, kwa kuwa mahabusu ni mtu na pia ni mahali. "Yuko mahabusu" inaeleza mahali au hatua ya kesi, basi andika "He is in custody" au "on remand". "Yeye ni mahabusu" inamtaja mtu, "He is a remand prisoner". Mahabusu aliyeko Gereza la Bangwe pale Kigoma, au Uyui kule Tabora, analala ndani ya "prison", lakini hatumikii kifungo. Kwa hiyo "He is serving at Bangwe Prison" ni kosa zito: "serve" huenda na adhabu tu, na msomaji ataelewa kwamba mtu ameshatiwa hatiani. Sahihi ni "He is being held on remand at Bangwe Prison".

Maneno "remand" na "custody" yana maana nyingine za kuangalia. Katika hukumu za rufani, hasa za Marekani, "the case was remanded" haina uhusiano na kufungwa. Kesi imerudishwa mahakama ya chini. Na "she was granted custody" katika shauri la talaka maana yake mama amepewa watoto awalee. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, hukumu za zamani za Kiingereza zinahitaji kutafsiriwa, na makosa ya namna hii hupita kirahisi mtu akifanya kazi kwa haraka.

Sasa tuje kwenye "jail" na "prison". Msomaji akiwa Mmarekani, tofauti ni ya kweli na ina uzito. "Jail" kwa kawaida ni ya wilaya au mji. Humo hukaa wanaosubiri kesi na waliofungwa muda mfupi, mara nyingi usiozidi mwaka 1. "Prison" ni ya jimbo au ya serikali kuu, ya waliohukumiwa zaidi ya hapo. Majimbo machache, kama Alaska, Hawaii na Vermont, yameunganisha mifumo hiyo miwili. Canada wana "penitentiary", ya serikali kuu, kwa kifungo cha miaka 2 au zaidi. Chini ya hapo mtu hubaki kwenye taasisi za majimbo. Uingereza hawaigawi hivyo: jina rasmi ni "prison", na "jail" ni neno la mtaani na la magazeti kwa mahali pale pale. "Gaol" ni tahajia ya zamani ya "jail" na matamshi ni yale yale. Unapochapa, angalia herufi zisipishane likawa "goal", kwa sababu programu ya kusahihisha tahajia haitalipigia mstari.

Kwa karatasi za Tanzania shika "prison". Sheria ya 1967 inasema "Prisons Act", na Jeshi la Magereza kwa Kiingereza ni "Tanzania Prisons Service". Cha kupendeza ni kwamba "jail" limetokana na neno la kale la Kifaransa lenye maana ya kizimba kidogo, "penitentiary" linatokana na toba, na gereza letu husemekana limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa, lililobaki kwenye ngome za pwani. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958.

Kuna kineno kidogo kinachoangusha hata waliosoma sana: "the". "He went to prison" maana yake alifungwa. "He went to the prison" maana yake alikwenda pale, labda kupeleka chakula au kumwona ndugu. Ukiandika "My brother was in the prison for two years" msomaji atajiuliza kama alikuwa askari wa pale.

Kifungo si jengo, ni adhabu. "Kifungo cha miaka mitano jela" ni "five years' imprisonment" katika hati ya mahakama. Gazeti litaandika "jailed for five years". Kifungo cha maisha ni "life imprisonment". Kifungo cha nje usikitafsiri neno kwa neno. Huenda ni "community service" (kazi za jamii), huenda ni "probation" (kuwekwa chini ya uangalizi), na huenda mahakama imemwachia kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12, ambayo ni "conditional discharge". Omba nakala ya amri ya mahakama uisome. Vilevile, "false imprisonment" si kusingiziwa kesi wala si jela ya uongo: ni kumzuia mtu asiondoke bila haki, hata kama umemfungia sebuleni kwako.

Kwa watu, "inmate" humhusu kila aliyemo ndani. Ndiyo maana Kiswahili rasmi husema "wafungwa na mahabusu", na "inmates" itafsiriwe hivyo. "Convict" ni aliyetiwa hatiani tu. "Detainee" ni aliyezuiliwa, mara nyingi bila hukumu. "Prisoner of war" ni mateka wa vita, si mfungwa. Maneno ya mtaani kama "slammer" na "nick" yaache nje ya fomu, kama ambavyo usingeandika "kunyea debe" kwenye hati ya kiapo.

Chukua maelezo haya: "Walinichukua usiku, wakanitia kasho siku nne, halafu nikapelekwa gereza kuu miezi saba, sikusomewa shitaka, wakaniachia." Tafsiri mbovu ni "I was imprisoned for seven months", kwa kuwa imemeza siku nne na kuacha mlango wazi wa swali "kwa kosa gani?" Andika: "They took me at night and held me in a police cell for four days. I was then moved to the central prison, where I was detained for seven months without charge and then released." Kabla hajatia saini, msomee tena kwa Kiswahili ulichokiandika kwa Kiingereza, ukitamka wazi "bila kushitakiwa" na "ukaachiwa". Akisema kulikuwa na hakimu siku moja, fungua sentensi upya.