Kitenzi "take" kwa mwongoza watalii wa Bagamoyo: peleka, panda, vua, pokea

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba "take" ni chukua, ikaandikwa ubaoni, somo likaisha. Maana hiyo inatosha ukiwa dukani. Haitoshi ukisimama Ngome Kongwe na wageni sita, mmoja anauliza kama avue viatu, mwingine anataka kujua kama unapokea dola, wa tatu anaomba kupiga picha. Wote watatu watatumia "take", na hakuna hata mmoja anayezungumzia kuchukua.

Umbo lake kwanza, maana hapo ndipo watu huteleza mapema. Leo ni "take", jana ni "took", na baada ya "have" au "has" ni "taken". "Taked" haipo. "I have took" ni kosa linalosikika sana. Sema "I have taken". Katika kutamka, ishia kwenye "k" kavu, bila kuongeza irabu mwishoni kama tunavyozoea: si "teiki". Na usione aibu kwamba neno lenyewe ni gumu. Hata Waingereza walilikopa kutoka kwa watu wa Skandinavia, likalisukuma nje neno lao la zamani "niman", kama sisi tulivyoichukua meza kwa Wareno.

Nani anakwenda wapi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kabla hujafungua mdomo, jiulize: mtu au kitu kinatoka hapa kwenda kule, au kinakuja huku?

Kupeleka ni "take". Kuleta ni "bring". Kwenda kuchukua na kurudi nacho, yaani ile "kachukue uniletee" yetu, ni "fetch", na kuteka maji kisimani kunaingia humohumo. Kubeba ni "carry", nalo halijali mwelekeo kabisa. Linaangalia mzigo tu. Kwenye kubeba, Kiingereza ndicho maskini: kujitwika ndoo kichwani, kumweleka mtoto mgongoni, vyote kwao ni "carry", kisha wanaongeza "on the head" au "on the back".

Kosa linalowaumiza waongozaji wapya ni kutafsiri peleka kwa "send". Ukimwambia mgeni anayetaka kuona magofu ya Kaole "I will send you to Kaole", ataelewa kwamba anakwenda mwenyewe na wewe unabaki kunywa kahawa. "Send" ni tuma. Sema "I will take you to Kaole", hapo mnakwenda wote.

"Bring" nalo lina mtego. Halitumiki tu kwa kitu kinachokuja kwako unayesema. Hutumika pia kwa kitu kinachokwenda aliko unayesema naye. Mgeni yuko hotelini, wewe uko sokoni, mnaongea kwa simu: "I will bring your water", si "I will take your water". Ukisema hilo la pili, anaweza kudhani unamnyang'anya maji yake.

Mfano mzuri wa kujifunzia uko kwenye misheni ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, penye mnara unaoitwa wa Livingstone. David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alifariki Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Kutoka hapa ukavushwa Unguja kwa meli, kisha Uingereza, ukazikwa London Aprili mwaka huohuo. Ukisimulia ukiwa umesimama hapo, vitenzi vinajipanga vyenyewe: "They carried the body for months. They brought it here. A ship took it to Zanzibar." Ukisimulia habari hiyohiyo ukiwa Dar es Salaam, sentensi ya pili inabadilika: "They took it to Bagamoyo." Kisa ni kilekile, aliyehama ni msimuliaji.

Kupanda si kukwea

Kwetu tunapanda mti, tunapanda ngazi, tunapanda bajaji. Kiingereza hakikubali. "Climb" ni kwa mti, ngazi na mlima. Bajaji, bodaboda, basi na mashua ni "take" unapozungumzia kuchagua usafiri: "We can take a bajaji to Kaole." Kitendo chenyewe cha kuingia basi au mashua ni "get on", na kwa bajaji au teksi ni "get in".

Muda nao ni "take", na hapa tuna bahati, maana hata sisi husema safari inachukua saa moja. Kutoka mjini hadi magofu ya Kaole ni kama kilomita 5: "It takes about an hour on foot." Epuka "it uses one hour". Na kama unazungumzia ziara yenyewe, tangu itakapoanza hadi itakapokwisha, "last" linakaa vizuri zaidi: "The tour lasts two hours." Angalizo dogo: "one hour" ni urefu wa muda. Saa moja asubuhi ya kukutana ni "seven o'clock". Wageni wamekwisha kusubiriana kwa ajili ya hilo.

Viatu mlangoni

"Take off" ni vua. Ni heri uijue kwa mpangilio wake, kwa sababu mlangoni mwa msikiti utaitumia kila siku. Unaweza kusema "take off your shoes" au "take your shoes off", zote sahihi. Lakini ukiweka kiwakilishi badala ya viatu, lazima kikae katikati: "take them off". "Take off them" haisemwi. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa "take out", toa, na "take back", rudisha. "Take off" pia ni ndege kupaa, na hapo hakuna cha kuweka katikati.

Vipande vidogo

"Take a" ikifuatwa na nomino, mara nyingi kwetu ni kitenzi kimoja tu: "take a seat" ni keti, "take a break" ni pumzika, "take a look" ni tazama. Waingereza kwenye baadhi ya hivi hupenda "have", Wamarekani "take". "Have a shower" na "take a shower" ni kuoga kulekule. Picha ni "take a photo", na mfundishe mgeni kuomba kwanza: "May I take your picture?" Wavuvi na akina mama wa sokoni hawapendi kuviziwa, na wana haki.

Dawa, hata tunazosema tunakunywa, ni "take": "Take one tablet three times a day." "Drink" kwa kidonge humchekesha mgeni. Chai, kwa upande mwingine, ni afadhali "have" au "drink", ingawa "Do you take sugar?" ni swali sahihi la kuuliza kama mtu hutia sukari.

Malipo: "We take cash only" ni tunapokea fedha taslimu tu, kwenye bango andika "accept", lina adabu zaidi. Historia: Wajerumani walipotwaa mji, "took over". Tamasha linafanyika, "takes place". Anayeshiriki ngoma, "takes part". Mkipokezana kushika usukani wa mashua, "take turns".

Simu ya mgeni ikipotea, msaidie kuchagua neno kabla ya kwenda polisi. "Someone took my phone" yaweza kuwa mtu kaichukua kwa bahati mbaya. Kama imeibwa, ni "stole". Kama imekwapuliwa mkononi, ni "snatched", na maelezo hayo hubadilisha kinachoandikwa kwenye ripoti.

Mwisho wa safari mgeni atakwambia "Take care". Usigeuke nyuma kutazama hatari iko wapi. Anakuaga, jibu "You too."