Jinsi ya kung'oa jiwe na kulegeza nati iliyogoma bila kuumiza mgongo

Mnaojenga huku Dodoma mnajua, unaanza kuchimba msingi kule Nala au Ntyuka, sululu inagonga ngo! Jiwe. Sasa unakuta vijana wanne wameinama wanalinyanyua kwa mikono, vidole viko chini ya jiwe, jamani hiyo ni hatari kabisa na wala haina sababu. Mtaimbo mmoja na watu wawili wanaojua pa kuweka egemeo, yaani kile kitu mtaimbo unachokilalia wakati unainua, wanatosha.

Kanuni ni moja tu, ile ya nyenzo tuliyosoma shule ya msingi: nguvu ya kuzungusha ni nguvu unayoweka mara umbali wako kutoka kwenye egemeo. Kama nguvu huna, ongeza umbali.

Chukua mtaimbo wa mita 1.5. Kwanza chimba udongo pembeni ya jiwe maana udongo nao unalishika, halafu ingiza ncha ya mtaimbo chini ya jiwe na uweke jiwe dogo gumu chini ya mtaimbo, sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Upande wako zimebaki sentimita 135, yaani mara 9, kwa hiyo ukikandamiza kwa kilo 30 kule mwisho, ncha inasukuma juu kama kilo 270. Lisogeze egemeo hadi sentimita 30 uone, upande wako zinabaki 120, umeshuka hadi mara 4, kilo zako 30 zinakuwa 120 tu. Sentimita 15 hizo! Ndio maana mtu anahangaika na mtaimbo asubuhi nzima wakati kosa ni egemeo liko mbali na jiwe.

Granaiti ya huku, mita moja ya ujazo ina kama tani 2.7, so jiwe la sentimita 50 kwa 50 kwa 40 linakaribia kilo 270. Ila hulibebi lote, unainua upande mmoja huku upande wa pili umekaa chini, kwa hiyo unapambana na kama nusu ya uzito.

Lakini nguvu uliyookoa unailipa kwenye mwendo: mkono ukishuka sentimita 45, jiwe linapanda 5 tu. Usikate tamaa, zikipatikana hizo 5 mwenzako anasukumia kipande cha jiwe chini kwa kutumia kijiti, SIO kwa vidole, mnapandisha egemeo, mnarudia. Udongo ukiwa laini tanguliza ubao mpana chini ya egemeo lisizame, na usitumie tofali, linapasuka. Halafu usitanue miguu juu ya mtaimbo wala kuweka uso juu yake, jiwe likiteleza mtaimbo unaruka.

Nati za tairi ni mambo yale yale. Nati nyingi za gari dogo zinakazwa kama nyutoni mita 100 (kipimo cha ile nguvu ya kuzungusha), maana yake kwa wili spana ya sentimita 25 unatakiwa kukandamiza kwa kama kilo 40, na ikishapata kutu ni zaidi. Ukiuvisha mkono wa spana bomba la chuma ukafika sentimita 75, kilo 13 na ushee zinatosha. Legeza kabla hujapiga jeki, tairi likiwa bado chini, la sivyo linazunguka tu. Na mkono wa spana uuelekeze kushoto kwako, ulale sawa na ardhi, kisha kandamiza chini, hapo nati inafunguka na uzito wako wote unafanya kazi kwa sababu unasukuma kwa pembe mraba. Spana ikiwa imesimama wima ukaikandamiza kwa juu hata uwe na kilo 100 haizunguki. Bomba ni la kufungulia tu jamani, ukikazia nalo studi, ile bolti inayoshika nati, inakatika.

Toroli nalo, egemeo ni ekseli ya gurudumu. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ukiuweka sentimita 40 kutoka kwenye ekseli na mikono iko sentimita 120, mikono inabeba kama kilo 17 za mfuko huo. Ukiurudisha nyuma hadi sentimita 80 inabeba 33. Kwa hiyo vizito vyote vikae mbele karibu na gurudumu.

Na wenye mashamba ya zabibu Hombolo na Mpunguzi, wakati wa kupogoa tawi nene lisukume hadi ndani kabisa karibu na pini ya mkasi, maana hiyo ndiyo egemeo lake. Kwenye ncha mkasi unalitafuna tu, jeraha linabaki limechanika, na mkono unachoka kabla hujamaliza mstari mmoja.